Toroli la Wodi Zote

Kabla wageni wa ukaguzi kutoka Chennai, makao makuu ya jimbo, hawajafika, jamaa za wagonjwa walifukuzwa wodini. Ndivyo inavyokuwa kila kunapokuja ugeni katika hospitali ya serikali ya Karisalpatti, maana hospitali hiyo hupendeza zaidi ikiwa haina watu. Mlinzi alipita akigonga vyuma vya vitanda kwa fimbo yake, akawaswaga akina mama, mashangazi na waume hadi nje ya geti, chini ya mwarobaini, pamoja na ndoo zao, mikeka yao na vyombo vyao vya chakula. Sakafu ilikuwa imepigwa dawa mpaka macho yakawasha. Mashuka yaliyofungiwa stoo tangu ugeni uliopita yalitandikwa, na wagonjwa wakaambiwa wasijigeuzegeuze ovyo, yasije yakakunjamana.

Sista Thenmozhi alikuwa amepiga magoti mbele ya toroli jekundu, akilikagua droo baada ya droo.

Lilikuwa toroli la dharura, la kumrudisha mtu anayekata roho, na halikupungukiwa kitu. Mfuko wa kupulizia pumzi ulikuwamo, mzima, mpira wake bado laini. Mashine ya kuvuta makohozi ilikuwamo, na ukiibonyeza inanguruma kweli. Kifaa cha kuangalizia koo kiliwaka taa. Sindano za kuamsha moyo hazijapitwa na tarehe. Juu kabisa ilikaa mashine ya kushtua moyo, kioo chake bado kina nailoni ya dukani kwa sababu hakuna aliyethubutu kuibandua. Thenmozhi alivishika vyote kimoja kimoja, na kila alichokishika kilimtia uchungu kidogo. Miaka yote aliyofanya kazi katika wodi ya wanawake hakuwahi kuwa na toroli kama hili, na hata sasa hakuwa nalo. Lilikuwa moja tu kwa hospitali nzima, na kwa kawaida lilikaa chini ya kufuli katika ofisi ya matroni, lisije likaibiwa kitu. Jana jioni ndipo lilipoletwa, likiwa na kibao cha bati kilichoning'inia kwa uzi: WODI YA WANAWAKE.

Vibao vingine vilikuwa katika mfuko wa shati la Irulappan, mhudumu wa hospitali. Mpango huo ulikuwa wa matroni mwenyewe, na hakuuona kuwa na ubaya wowote. Wageni wangeanza wodi ya wanawake. Wakimaliza wangepelekwa kunywa chai na bajia, na huku wanakunywa, Irulappan angelisukuma toroli kwa njia ya nyuma, ile ya kupandishia chakula, mpaka wodi ya wanaume, akabadilishe kibao. Huko nako wakimaliza wangekaribishwa madafu, na toroli lingekwenda zake wodi ya wazazi. Mwisho wa siku kila wodi ingekuwa imeonekana ina toroli lake, na hospitali ingepata cheti cha ubora. Irulappan alikuwa akiliita toroli lile bwana harusi, kwa kuwa popote linapofika linakuta watu wameshajipanga kulipokea.

Toroli halisi la wodi ya wanawake lilikuwa bafuni, limefunikwa shuka chakavu. Lilikosa gurudumu moja. Mfuko wake wa kupulizia ulikuwa umepasuka, na mashine yake ya kuvuta makohozi ilikufa zamani, ikazikwa humo humo droo ya chini. Thenmozhi alikuwa ameomba vifaa vipya mara nyingi, kwa mdomo na kwa maandishi, mpaka siku moja matroni akamwambia kwa upole kwamba muuguzi anayelalamika sana huonekana kama haipendi kazi.

Naye kazi aliipenda, tena aliihitaji. Alikuwa muuguzi wa mkataba, mmoja wa wale wanaofanya kazi ile ile ya wenzao kwa mshahara usiofika nusu, na ambao mkataba wao unaweza kuisha kama dawa ya mswaki. Mumewe alikuwa dereva wa lori aliyerudi nyumbani akipenda, na binti yake alikuwa sekondari. Orodha ya watakaoajiriwa moja kwa moja ilikuwa inatayarishwa, na jina la mtu liliingia humo kwa neno la matroni. Safari hii jina lake lilikuwamo. Matroni alimwambia hivyo alipokuwa akimweleza habari za toroli.

Ukutani, juu ya meza ya wauguzi, kulikuwa na ubao mpya: KUKAGUA VIFAA VYA DHARURA NI JUKUMU LA MUUGUZI WA ZAMU. Chini yake kulikuwa na karatasi. Thenmozhi akaandika kwamba toroli lipo na limekamilika, akatia sahihi. Wala hakusema uongo, alijiambia. Saa ile lilikuwapo.

"Wee sista," sauti ilitoka kitanda cha karibu na mlango, "leo umejipara kama unaolewa."

Alikuwa Pechiammal, mfanyakazi wa kiwanda cha fataki, aliyeletwa jana na bintiye akiwa hawezi kuvuta pumzi. Kifua chake kilikuwa kimejaa vumbi la baruti la miaka mingi, na sasa homa ya mapafu imekuja juu yake. Vidole vyake vilikuwa na rangi ya fedha, mpaka ndani ya kucha, kama vya wanawake wote wa kazi ile. Diwali, sikukuu ya taa na fataki, ilikuwa inakaribia, kiwandani walikuwa hawapumziki, na alikuwa amekaa na homa hiyo akifunga tambi za fataki mpaka akaanguka.

"Naolewa na serikali, mama," Thenmozhi alimjibu, akimrekebishia mto.

"Serikali hiyo mume gani? Kakuchumbia mpaka umeota mvi, hakuoi." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Makohozi yalikuwa mazito, yakimkwama. Thenmozhi alisogeza toroli, akawasha mashine, akaingiza mrija mdomoni mwa mama yule na kuyavuta. Ilikuwa kazi ndogo tu. Pechiammal akavuta pumzi ndefu, machozi yakimtoka, akalitazama toroli kwa mapenzi.

"Hiki kidude kizuri," alisema. "Kiache hapa hapa karibu yangu."

Binti yake, Muthukani, alikuwa bado amesimama mlangoni na chombo cha idli, vile vikate laini vya mchele, mkononi, mlinzi akimsukuma begani. Yeye naye alifanya kazi kiwandani, naye vidole vyake ni fedha tupu. Aliiona mashine ilivyofanya. Akamwomba Thenmozhi: "Dada, mimi natoka. Mama yangu nakuachia wewe."

"Nenda mdogo wangu. Mimi nipo."

Wageni walikuja na harufu ya manukato. Walikuwa watatu, wakiongozwa na mama mmoja wa miwani, na nyuma yao mganga mkuu, matroni, na madaktari wote wa zamu, maana hakuna daktari aliyetaka kukosekana siku ile. Mama wa miwani hakuwa mtu mbaya. Alifungua droo kwa mkono wake, akawasha taa ya kuangalizia koo, akaibonyeza mashine ikanguruma. Akauliza nani analikagua toroli hili, na kila lini. Thenmozhi akajibu kama alivyofundishwa, kwamba ni muuguzi wa zamu, kila zamu. Mama wa miwani akampongeza, akasema wodi nyingi alizopita hazina hata nusu ya hivi. Mwenzake akatoa simu ili apige picha.

"Sogea kidogo kwenye toroli, sista. Tabasamu."

Thenmozhi akasogea. Akatabasamu.

Walipotoka kwenda kwenye chai, Irulappan aliingia kwa mlango wa nyuma, akafungua uzi, akafunga kibao kingine, akaanza kulisukuma bwana harusi wake. Thenmozhi alimfuata hatua mbili tatu na kumwomba amwachie walau mashine ya makohozi, kwa ajili ya yule mama wa mlangoni. Irulappan aliona haya. Alisema angemwachia, lakini wageni wanafungua droo moja moja, na droo ikikutwa tupu ni yeye atakayeulizwa. Aende aombe kwa matroni. Magurudumu yakaenda yakilia kwenye njia ya nyuma, na mahali toroli lilipokuwa pakabaki vigae vyeupe vitupu.

Pechiammal alikuwa ameliangalia likiondoka.

"Wamelipeleka wapi?"

"Linarudi, mama."

Chai ya wageni ilikuwa haijaisha, pengine ndiyo kwanza bajia zimeletwa, kikohozi kilipoanza tena. Safari hii hakikutoa sauti. Kilimkunja mama yule, kikamkunjua, mdomo wake ukawa wazi na hakuna kilichoingia wala kilichotoka. Thenmozhi alikuwa upande wa pili wa wodi. Alikimbia. Akamwinamisha, akampiga mgongoni, akaingiza vidole vyake mdomoni na kuvuta alichoweza kuvuta, na kilichobaki kilikuwa chini zaidi ya vidole. Akamwelekezea oksijeni, lakini oksijeni haipiti pasipo na njia. Alitazama kucha za mgonjwa aone kama zinageuka rangi, na kucha zilikuwa fedha, hazikumwambia kitu.

Alimpigia kelele muuguzi mwanafunzi akimbilie toroli. Yeye mwenyewe akaenda bafuni, akafunua lile shuka, akauchukua mfuko uliopasuka, akaufunga plasta kwa meno yake akirudi mbio. Akaukandamiza, ukapuliza upepo pembeni, kwenye mashavu ya mgonjwa. Akaukandamiza tena.

Mwanafunzi alirudi mikono mitupu, analia. Toroli lilikuwa limeshapangwa wodi ya wanaume, na wageni walikuwa wamemaliza chai wanaingia. Matroni alikuwa amesimama mlangoni. Amesema wasubiri kidogo. Amesema haiwezekani toroli lipite mbele ya macho yao.

"Ulimwambia mtu anakufa?"

"Nilimwambia, sista. Akaniambia nipunguze sauti."

Thenmozhi aliendelea. Alipanda kitandani, akakandamiza kifua mpaka shuka jipya likakunjamana kuliko mashuka yote ya wodi, na wanawake wa vitanda vingine wakageuzia nyuso ukutani. Hakuacha mpaka mikono yake ikakataa. Hapo ndipo alipoketi ukingoni mwa kitanda, na Pechiammal akalala akiangalia mlangoni kama mtu anayengoja alichoahidiwa.

Matroni aliingia baadaye, peke yake, kwa haraka. Alikuwa mwanamke mnene wa sauti tamu, aliyeanza kazi akiwa msichana, na watu walisema zamani alikuwa muuguzi hodari sana. Alishika shingo ya marehemu, akafumba macho kidogo. Pengine alihuzunika kweli. Kisha akaona Thenmozhi anavuta shuka juu.

"Usimfunike uso," alisema. "Wageni watapita hapa wakienda kwenye gari. Mlaze ubavu, kama amelala."

"Binti yake yuko getini, matroni. Ana chakula chake."

"Ataambiwa. Acha watu waondoke kwanza. Wewe mchane nywele tu."

Thenmozhi akamlaza ubavu, akamchana nywele. Alijichukia kwa jinsi alivyomchana vizuri. Wageni walipita mlangoni wakiagana na kila mtu, na mama wa miwani akasema kwa sauti ya chini kwamba ni vizuri kuona wagonjwa wanapata usingizi mchana.

Muthukani alipoitwa, idli zilikuwa zimeshapoa. Alipiga ukunga mmoja tu, uliosikika mpaka barabarani. Jirani zake wa kiwandani walikuja wakasimama getini wakidai kuelezwa, polisi mmoja naye akaja akasimama, na mganga mkuu akaahidi uchunguzi. Uchunguzi aliufanya mwenyewe, ofisini kwake, na aliyechunguzwa alikuwa Thenmozhi.

Mganga mkuu, Daktari Sankaralingam, hakumwambia akae. Mezani kwake kulikuwa na simu, na ndani ya simu kulikuwa na picha walizotumiwa na wageni, pamoja na salamu za kuwapongeza. Matroni alikuwa kwenye kiti cha pembeni.

"Toroli la dharura lilikuwapo wodini?" daktari aliuliza.

"Lilikuwapo asubuhi, daktari. Baadaye likaenda wodi ya wanaume."

"Likaenda. Lina miguu?"

Thenmozhi alimtazama matroni. Matroni alikuwa akiangalia kucha zake.

"Wodi ya wanaume wana la kwao," daktari aliendelea, "na picha yake hii hapa. Wodi ya wazazi wana la kwao, na picha yake hii hapa. La wodi yako ni hili, na anayechekelea pembeni yake ni wewe. Sasa unaniambia nini? Kwamba hospitali yangu ina toroli moja?"

"Wewe mwenyewe unajua, daktari."

"Mimi najua ninachoandikiwa. Wewe uliandika nini asubuhi ile?"

Daktari alivuta karatasi ya ukaguzi, akagonga kidole juu ya sahihi ya Thenmozhi.

"Uliandika lipo na limekamilika. Kama halikuwapo, ulitia sahihi ya uongo, na mtu akafa. Hiyo ni polisi, siyo mimi. Kama lilikuwapo, basi lilikuwapo na hukulitumia. Chagua mwenyewe. Mimi sikulazimishi."

Matroni alimtoa nje, akamshika mkono kama mama anavyomshika bintiye aliyefiwa. Walisimama kwenye baraza, karibu na msumari uliokwisha pigiliwa ukutani kwa ajili ya cheti. Matroni alimwita mwanangu. Alimwambia aandike tu kwamba alibabaika. Kubabaika si kosa la kumfukuzisha mtu, kila muuguzi amewahi kubabaika, hata yeye. Ataonywa kwa barua, mambo yatapoa, na jina lake litabaki pale lilipo. Lakini akishikilia habari za matoroli yanayotembea, hakuna wa kumsaidia, kwa maana itabidi waulizwe wauguzi wa wodi zote, na wote walitia sahihi, na wote wana watoto.

"Na Muthukani?" Thenmozhi aliuliza.

"Nani huyo?"

"Binti wa marehemu."

"Huyo atapewa rambirambi," matroni alisema. "Usijitwishe ya watu, mwanangu. Una yako."

Thenmozhi aliandika. Nilibabaika, nikasahau kutumia vifaa vilivyokuwapo. Usiku ule binti yake alimuuliza mbona hali, akasema ameshiba bajia za wageni.

Siku ya Zana ikafika. Siku hiyo Karisalpatti nzima huzipumzisha zana zake na kuziabudu. Madereva huosha malori na kuyavisha migomba, mafundi cherehani huzipaka mashine zao liwa, watoto hawafungui vitabu, na hata kisu cha jikoni hupata doa lake jekundu. Hospitali nayo haikubaki nyuma. Gari la wagonjwa lilivishwa maua pande zote, mizani ya watoto ikapakwa liwa, na cheti cha ubora, ndani ya fremu ya kioo, kikawekewa kishada chake kama picha ya babu aliyefariki.

Toroli jekundu lilikuwa limerudishwa wodi ya wanawake. Ofisa fulani wa wilaya alitarajiwa kupita kuhusu kile kifo, kwa hiyo matroni aliagiza likae pale, pale pale lilipopigiwa picha. Thenmozhi ndiye aliyepewa kazi ya kulipamba. Alilifuta, akalipaka mistari mitatu ya liwa, akaweka doa jekundu katikati. Shada la maua ya manjano akalipitisha kwenye mishikio ya droo zote na kulifunga fundo, kama walivyofanya mwaka jana na mwaka juzi. Likifungwa hivyo haliwezi kufunguka mpaka ukate maua, na siku ile hakuna anayekata. Zana imepumzika.

Alikuwa bado na liwa kwenye kidole gumba Muthukani alipoingia.

Alikuwa amekuja kuchukua cheti cha kifo, akaambiwa karani hayupo, ni sikukuu. Kiwandani nako walikuwa wamepewa nusu siku tu ya ibada, jioni wanarudi, kwa kuwa Diwali haisubiri mtu. Alisimama karibu na kitanda cha mama yake, ambacho sasa kilikuwa na mgonjwa mwingine. Alikuwa amekonda. Vidole vyake vilikuwa vile vile vya fedha.

"Dada," alisema. "Mimi sikuja kugombana."

"Najua."

"Nataka unieleze wewe kwa mdomo wako. Wameniambia ulibabaika. Nami naona wewe si mtu wa kubabaika. Asubuhi ile nilikuona ulivyomhudumia."

Kikongwe wa kitanda cha pili, aliyekuwapo siku ile na kuona yote, alijifunika shuka mpaka kichwani. Thenmozhi alifikiria orodha. Alifikiria ada ya shule, na mkataba, na barua ya onyo iliyokuwa tayari kwenye mkoba wake. Kisha akachoka kufikiria.

"Toroli halikuwapo," alisema. "Mama yako alipokabwa halikuwapo hapa. Walikuwa wamelichukua."

Muthukani alimtazama. Halafu uso wake ukajifunga, kama mlango unavyofungwa taratibu ili usilie.

"Halikuwapo," alirudia. "Mimi nililiona hapa kwa macho yangu kabla hawajatufukuza. Na daktari mkubwa amenionyesha picha. Liko hapa, na wewe umesimama kando yake unacheka." Hakupandisha sauti. "Heri ungeniambia ulibabaika, dada. Hilo ningekusamehe."

"Muthukani, nisikilize."

"Nilikuachia mama yangu. Ukaniambia upo."

Thenmozhi alifungua mdomo, na maneno yote aliyokuwa nayo yakawa ni yale yale aliyokwisha yauza. Muthukani hakumngoja. Alichutama kidogo mbele ya toroli, kama mtu yeyote wa Karisalpatti anavyofanya mbele ya zana siku ile, akaligusa kwa ncha za vidole na kupeleka vidole machoni pake, kwa heshima, maana kidude hicho hakikumkosea. Akageuka aende zake.

Akiwa hajafika mlangoni, Irulappan akaingia. Alikuwa amevaa shati jipya la sikukuu, amejaa furaha na bisi za mchele mdomoni, na hakumtambua aliyesimama pale. Alisema ofisa wa wilaya amepiga simu kwamba leo haji, na wodi ya wanaume wamemaliza kupanga maua, wanagombana, wanamtaka bwana harusi wao nao wamfanyie ibada. Huku anasema, alikuwa ameshafungua uzi. Akatia kibao kimoja mfukoni, akatoa kingine, akakisoma kwa mbali kwa kuwa miwani kaisahau, akakifunga: WODI YA WANAUME.

"Nipishe kidogo, dada," alimwambia Muthukani.

Muthukani akampisha, akabana mgongo ukutani. Toroli likampita karibu sana, na maua mawili matatu yakadondoka miguuni pake. Alikisoma kibao. Alilifuata kwa macho likiingia njia ya nyuma, magurudumu yakilia, mpaka likapinda kona. Kisha akatazama vigae vyeupe vitupu pale lilipokuwa.

Mgonjwa wa kitanda cha mlangoni alianza kukohoa. Thenmozhi alisimama pale pale na liwa yake kidoleni, na Muthukani akainua macho kutoka sakafuni, akamtazama.